Kutilia Wino wa Rangi Katika Katriji: Kazi Yenyewe na Maneno Yake

Utangulizi

Aghalabu makala ya Kiswahili yanayohusu teknolojia huishia kwenye orodha ya istilahi. Msomaji huelezwa neno liliundwaje, likapendekezwa na nani na kupingwa na nani, lakini haelezwi kifaa chenyewe hufanya kazi vipi. Makala haya yanaanzia upande wa pili. Yanaeleza kazi moja ya mikono, nayo ni kutilia wino wa rangi katika katriji ya printa nyumbani au dukani, na yanayagusa maneno ya kazi hiyo pale tu ambapo neno laweza kumsaidia mtendaji au kumpoteza. Hoja inayoshikiliwa ni hii: katriji nyingi za printa ndogo ni mtambo kamili unaovaa sura ya kichupa cha wino. Mtu anayeitendea kama kichupa huiharibu kwa mkono uleule aliokusudia kuiokoa nao.

Mahali pa kufikiria jambo hili ni Muhuru Bay, eneo la Nyatike katika Kaunti ya Migori, kwenye rasi iliyoingia Ziwa Viktoria karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Uchumi wa huko hutegemea samaki: omena, mbuta na ngege. Dholuo ndiyo lugha ya nyumba nyingi, wapo pia wenye asili ya Abasuba, na Kiswahili huwaunganisha wakazi na jirani zao wa mkoa wa Mara. Mtu wa mbali angedhani kwamba karatasi haina nafasi kubwa katika maisha ya wavuvi, ilhali mambo sivyo. Kanuni za mwaka 2007 kuhusu vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo kila mvuvi huviita BMU, zilileta orodha za wanachama, kumbukumbu za vyombo na barua za ofisi. Shule nazo, ikiwemo ile ya upili ya wasichana ya WISER iliyofunguliwa mwaka 2010, haziwezi kwenda bila mitihani iliyochapwa. Isitoshe, mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, wazazi wengi wa Kenya walijikuta wakitumwa na watoto wao kutafuta picha za rangi: picha ya mnyama, ya bendera, ya sehemu za mmea.

Katriji ikimaliza wino usiku wa kuamkia mtihani, mwenye printa mjini hutembea hadi dukani. Aliye ufuoni huenda akalazimika kusubiri gari la Migori, na atakapofika huko aambiwe kwamba bei ya katriji mbili mpya inakaribia bei ya printa yenyewe ya daraja la chini. Ndipo anapoliwazia bomba la sindano na chupa ya wino.

Kutia, kujaza, kutilia

Wauzaji na mafundi wengi wa Kenya husema tu "kurifili". Wanaopenda Kiswahili sanifu husema "kujaza upya". Tafsiri hii ni fasaha, lakini inapotosha. Kitenzi "jaza" kimetokana na "jaa", na jaa ni kufika pomoni. Mtu aliyeambiwa ajaze katriji atausukuma wino hadi ufurike, kisha atashangaa kuona rangi tatu zimechanganyika na karatasi imelowa. Mpishi hutilia maji mchuzi uliokauka, haijazi sufuria. Kwa sababu hiyo neno "kutilia" ndilo linalotumika hapa, kwani linabeba ile hali ya kuongeza kiasi katika kitu ambacho bado kina kitu ndani. Na kama itakavyoonekana hivi punde, hali hiyo ya kuwa na kitu ndani ndiyo inayoamua kama katriji itapona.

Kuhusu "printa" na "kichapishi" hakuna haja ya ugomvi. Vitabu vya Kenya hupendelea la pili, barabara hupendelea la kwanza, na yote mawili yanaeleweka. "Katriji" halijapata mshindani wa maana. Kuiita "kidau cha wino" kungependeza sikio la mshairi, lakini kidau ni chombo cha kuwekea wino tu, na hapo tungekuwa tumerudi kwenye kosa lilelile.

Kilichomo ndani

Mwaka 1977 Ichiro Endo, mhandisi wa kampuni ya Canon nchini Japani, aliona chuma cha kulehemu chenye moto kikigusa sindano yenye wino, na wino ukaruka kutoka kwenye ncha. Kutokana na tukio hilo yalizaliwa maarifa ya kurusha wino kwa joto. Kampuni ya HP ya Marekani ilifikia maarifa yaliyofanana na hayo kwa njia yake, na mwaka 1984 ikauza printa iliyoitwa ThinkJet. Uamuzi mmoja wa HP ndio unaomhusu mtu wa sindano hadi leo: kichwa cha kuchapishia kiliwekwa kwenye katriji yenyewe, ili kila mteja anunuapo wino apate na kichwa kipya.

Ukiigeuza katriji ya namna hiyo utaona upande wa chini kibamba chembamba cha chuma. Kibamba hicho kina vitundu vidogo mno kwa jicho, na nyuma ya kila kitundu kuna kipasha joto. Umeme ukipita, wino unaokigusa kipasha joto hupata zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Povu huumuka, husukuma tone nje, hunywea, na wino mwingine huvutwa kuchukua nafasi. Hivyo basi wino una kazi mbili. Huchapa, na pia huyachukua yale joto na kuyapeleka nje. Wino ukiisha kabisa ilhali printa inaendelea kuamriwa kuchapa, vipasha joto hubaki vikiwaka bila cha kuvipoza, navyo huungua. Kichwa kilichoungua hakina dawa. Watu wengi hutafuta sindano wakati huo, baada ya karatasi tano za mwisho kutoka zikiwa nyeupe, kisha wakaulaumu wino wa bei nafuu. Wakati wa kutilia ni pale rangi inapoanza kufifia.

Sehemu ya ndani imejaa sponji. Kazi yake ni kuushikilia wino usivuje, kwa kuwa vitundu vya chini viko wazi muda wote. Sponji huuvuta wino juu kwa nguvu ndogo inayotosha kuuzuia usianguke, lakini isiyotosha kuuzuia usirushwe. Wino unapotoka chini, hewa huingia kupitia matundu madogo yaliyo juu, chini ya lebo. Yakizibwa matundu hayo, katriji hukaba kama chupa ya maji iliyoinamishwa bila nafasi ya hewa kuingia; matone machache hutoka, kisha basi.

Katriji ya rangi ina vyumba vitatu kama hivyo, vilivyotenganishwa kwa kuta nyembamba.

Kampuni ya Epson ilifuata njia nyingine tangu ilipouza printa zake za kwanza za aina ya Stylus mwaka 1993 hivi. Humo hakuna joto. Kipande cha madini hupinda kinapopata umeme na kukamua tone. Kichwa hubaki ndani ya printa miaka yote, na katriji kwa hakika ni chombo cha wino. Kwa hiyo mtu asichukue maagizo ya printa moja akayapeleka kwa nyingine. Swali la kwanza, kabla hata ya kununua wino, ni hili: kichwa kiko wapi?

Rangi na majina yake

Chupa za wino huuzwa zikiwa na herufi C, M, Y na K. Ya tatu ni manjano na ya nne ni nyeusi. Hizo hazina utata. Mbili za kwanza ndizo zinazomtaabisha Mswahili. C ni sayani, buluu iliyoegemea kijani kibichi. M ni majenta, wekundu ulioegemea zambarau. Katika mazungumzo watu huziita "buluu" na "nyekundu", na hapo hasara huanza, kwa sababu mwenye duka anayeulizwa wino wa buluu aweza kutoa wino wa mihuri au wa kalamu. "Samawati" lingefaa kwa sayani kama lisingekuwa tayari limeshikwa na shule nyingi za Kenya kuwa jina la buluu yoyote ile. "Waridi" liko mbali na majenta. Heri kukopa maneno hayo mawili, kuyapa irabu zake, na kwenda dukani ukiwa na herufi.

Kwa nini isitumike nyekundu, kijani na buluu, ambazo mwanafunzi hufundishwa kuwa ndizo rangi za mwanga? Ni kwa sababu karatasi haitoi mwanga; huurudisha. Kila wino humeza sehemu moja ya mwanga mweupe na kuachia nyingine. Sayani humeza wekundu, majenta humeza ukijani, manjano humeza ubuluu. Majenta juu ya manjano huacha wekundu peke yake. Sayani juu ya manjano huacha ukijani. Zote tatu zikiwekwa pamoja zingepaswa kuzaa weusi, lakini kwa hakika huzaa kahawia yenye matope, na hutumia wino mara tatu kwa herufi moja. Ndiyo maana weusi una katriji yake.

Kuna tofauti nyingine isiyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa. Wino fulani ni rangi iliyoyeyuka majini, kama rangi ya ukili. Mwingine ni chembechembe laini zilizoelea ndani ya maji, kama tope jepesi. Katika printa nyingi za HP na Canon, weusi ni wa chembe na zile tatu ni za kuyeyuka. Mtu akitia wino wa chembe katika vyumba vya rangi, vitundu huziba. Akitia weusi wa kuyeyuka mahali pa weusi wa chembe, printa itachapa vizuri tu, lakini maandishi yatahama yakiguswa na maji. Jambo hili ni dogo kwa mtu wa nyanda kavu. Kwa fomu itakayosafiri katika mtumbwi ndani ya mfuko wa shati, ni jambo la kuulizia kabla ya kulipa.

Wino wa unga unaotumika katika printa za leza ni kitu tofauti kabisa, na hauna nafasi hapa.

Ni vyema kukumbuka kwamba kujitengenezea wino si jambo geni kwa Waswahili. Wanakili wa misahafu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walifanya kazi kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano katika karne ya kumi na nane na ya kumi na tisa. Mwandishi wa zama hizo aliujua wino wake kabla hajaushika mwanzi. Duka la kisasa limemwondolea mtu wajibu huo, na pamoja na wajibu limemwondolea ujuzi.

Kazi yenyewe

Vifaa si vingi: bomba moja la sindano kwa kila rangi, glavu, gazeti la zamani, karatasi shashi, selotepu, vijiti vya kuchokolea meno na maji safi yaliyochemshwa yakapoa hadi kubaki vuguvugu. Bomba moja lisitumike kwa rangi mbili hata likioshwa. Tone la sayani lililosalia kwenye bomba hugeuza chumba kizima cha manjano kuwa kijani kibichi.

Lebo ya juu hubanduliwa polepole, kwani itarudishwa. Chini yake matundu huonekana. Mpangilio wa rangi tatu hutofautiana baina ya aina na aina za katriji, na si busara kuamini mchoro uliotolewa kwa ajili ya katriji nyingine. Kijiti cha meno hutoa jibu la hakika: kizamishwe katika tundu moja hadi kiguse sponji, kitolewe, kifutwe kwenye karatasi nyeupe, na rangi itajitaja. Kila tundu lipewe kijiti chake.

Kisha sindano huingizwa wima hadi karibu na sakafu ya chumba, na wino husukumwa kwa utaratibu sana. Haraka ndiyo huleta madhara hapa. Wino unaosukumwa kwa nguvu huizingira hewa ndani ya sponji, na pochi hiyo ya hewa baadaye hukata njia ya wino hata kama chumba kina wino tele. Sindano inapanda kidogo kidogo kadiri wino unavyoingia. Wino ukianza kung'aa kwenye mdomo wa tundu, kazi imepita kiasi. Mililita moja irudishwe ndani ya bomba. Kiasi cha kutia hutegemea katriji. Katriji namba 45 ya HP ya miaka ya 1990 ilibeba mililita 42 za wino mweusi. Namba 21 iliyoifuata katika printa za bei nafuu ilitoka kiwandani na mililita 5. Mtu aliyefunzwa kwa ile ya kwanza akaenda na mkono uleule kwa ya pili atafurisha meza.

Lebo irudishwe bila kuziba vijia vya hewa, au selotepu ifunike matundu kwa kulegea. Baada ya hapo katriji igandamizwe kwa wepesi, kichwa kikiwa chini, juu ya karatasi shashi yenye unyevu. Milia mitatu iliyonyooka ya rangi tatu ni ishara ya afya. Mlia ukikosekana, vitundu vyake vimeziba. Kichwa kisimamishwe katika maji vuguvugu yenye kina cha milimita chache kwa dakika kadhaa, kisha kijaribiwe tena. Milia ikivujiana na kuwa kahawia, katriji imelishwa kupita kiasi. Iachwe juu ya karatasi shashi mpaka itulie. Vibamba vya shaba vinavyopokea umeme vifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na visiguswe kwa vidole. Katriji isikaushwe kwa moto wala kuanikwa juani. Irudishwe katika printa, amri ya kusafisha kichwa itolewe mara moja au mbili, na karatasi ya majaribio ichapwe. Kurudia usafishaji mara kumi ni kuumwaga wino uleule ulionunuliwa.

Kuna desturi moja ambayo huua katriji nyingi kuliko wino mbaya, nayo ni kuizima printa ukutani. Printa inapozimwa kwa kitufe chake, hukipeleka kichwa pembeni na kukifunika ili kisikauke. Ikikatiwa umeme ghafla, kichwa hubaki wazi pale kilipokuwa. Umeme ukipotea wenyewe, kama inavyotokea, hakuna wa kulaumiwa. Lakini mara tu unaporejea, printa iwashwe na kuzimwa kwa kitufe hata kama hakuna kazi.

Chipu inapodai kuwa hakuna wino

Mara nyingi katriji iliyotiliwa wino huripotiwa na tarakilishi kuwa tupu. Huo si uongo wa makusudi. Printa nyingi haziupimi wino; huhesabu matone yaliyorushwa na kukadiria yaliyosalia, nazo hazina habari ya sindano. Katika printa nyingi za HP ujumbe huo hukubaliwa tu na kazi ikaendelea. Katika nyingi za Canon, kubonyeza kitufe cha kusimamisha kazi kwa sekunde kadhaa hukizima kihesabio cha rangi hiyo. Kuanzia hapo ni jicho la mtumiaji litakalolinda kichwa kisiungue. Katika katriji za Epson, chipu huhitaji kurudishwa mwanzo kwa kifaa maalumu au kubadilishwa.

Watengenezaji wana maslahi katika hesabu hizo, kwa kuwa faida ya printa ndogo hutokana na wino zaidi ya mashine. Tarehe 13 Septemba 2016 printa kadhaa za HP za aina ya OfficeJet zilianza kuzikataa katriji za watengenezaji wengine, kutokana na programu iliyokuwa imekwisha kuwekwa ndani yake. Malalamiko yalikuwa makubwa hata kampuni ikatoa programu ya kuondoa kizuizi hicho. Katriji halisi zilizotiliwa wino zikiwa na chipu yake ya asili hazikulengwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutoitupa katriji ya kwanza. Mnamo tarehe 30 Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark, iliamua kwamba mtengenezaji akishaiuza katriji hawezi tena kuitumia hataza yake kumzuia mnunuzi asiitengeneze wala asiiuze. Kesi ilihusu katriji za wino wa unga na haizifungi mahakama za Kenya, ila ilionyesha jinsi swali la nani mwenye katriji lilivyo zito.

Sindano au tangi

Tangu mwaka 2010, Epson ilipoanza kuuza printa zenye matangi nchini Indonesia, kazi ya sindano imepungua. Matangi hutiliwa kutoka chupani bila kutoboa chochote, na chupa moja ya mililita 70 huchapa maelfu ya kurasa. Kwa duka la Muhuru Bay linalochapa kila siku, fomu asubuhi na mitihani jioni, tangi ndilo jibu, na kuendelea na sindano ni kujitesa. Kwa nyumba inayochapa picha ya mtoto mara mbili kwa mwezi mambo hugeuka. Printa ya tangi isiyotumika hukaukiwa kichwa, na kichwa chake kimejengwa ndani ya mashine. Ukarabati wake ni ghali. Printa ya katriji ikipatwa na maradhi hayo hununuliwa katriji moja, na kichwa kipya kimekuja nayo.

Katriji yenyewe haidumu milele. Vipasha joto huchoka kwa kazi halali pia. Mstari mweupe ukibaki mahali palepale katika kila ukurasa, baada ya maji vuguvugu na usafishaji wa mara mbili, kitundu hicho kimekufa na wino zaidi hautakifufua. Wino uliosalia chupani ufungwe barabara, uandikwe tarehe ya kufunguliwa, uwekwe kivulini mbali na watoto, na utikiswe taratibu kabla ya kutumiwa tena ikiwa ni wa chembe. Maji ya kuoshea mabomba yasimwagwe ziwani.